Safari ya Mahale: Namna ya Kuwaona Sokwe Bila Kuwadhuru

Kilomita zipatazo 120 kusini mwa mji wa Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, milima inapanda kutoka majini hadi kwenye mawingu. Hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale. Ndani ya misitu yake wanaishi mamia ya sokwe, na kundi moja kati yao, lenye sokwe wapatao 60, limezoea kutazamwa na binadamu. Hakuna barabara ya magari ya watalii katika msitu huo. Mgeni hufika kwa boti, kisha hutembea kwa miguu hadi atakapowakuta.

Wengi wetu tumeisoma Serengeti na Ngorongoro tangu shule ya msingi, lakini Mahale imebaki jina la mbali, mahali pa wageni wenye ndege zao. Si lazima iwe hivyo. Mwananchi mwenye muda, subira na mipango mizuri anaweza kufika. Makala haya yanaeleza wakati wa kwenda, njia za kufika, mambo ya kuandaa na namna ya kujiweka mbele ya sokwe. Jambo moja linatangulia yote: katika msitu wa Mahale, mgeni mwenye mafua ni hatari kuliko chui. Karibu kila kanuni utakayoisoma hapa imetokana na ukweli huo.

Sokwe waliozoea watu

Sokwe wa porini akimwona binadamu hukimbia. Kuwaona kwa karibu kunawezekana Mahale kwa sababu ya kazi iliyoanza mwaka 1965, mtafiti Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alipopiga kambi Kasoje, chini ya milima hiyo. Miaka ya mwanzo yeye na wasaidizi wake Watongwe, wenyeji wa milima hiyo, waliwavuta sokwe kwa miwa na ndizi. Kundi la kwanza kuzoea liliitwa K, likafuatiwa na kundi kubwa zaidi lililoitwa M, au Mimikire. Kundi la K lilipungua hadi likatoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kuwalisha sokwe kulikomeshwa mwaka 1987, na tangu hapo watafiti na wageni hulifuata kundi la M likiwa katika maisha yake ya kila siku.

Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,600, pamoja na ukanda wa maji ya ziwa wenye upana wa kilomita 1.6 ambamo uvuvi umepigwa marufuku. Kilele chake kikubwa ni Nkungwe, chenye mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Watongwe waliuheshimu mlima huo kama makao ya mizimu yao. Ndio waliolima na kujenga kwenye miteremko ya Kasoje kabla ya kuhamishwa, na msitu unaoonekana leo sehemu za chini umeota juu ya mashamba yao ya zamani. Mgeni aingie akijua kwamba ardhi hii ilikuwa na wenyewe, na kwamba elimu nyingi tuliyo nayo kuhusu sokwe wa Mahale ilipatikana kwa macho na miguu ya Watongwe waliowaongoza watafiti.

Wakati mzuri wa kwenda

Majira yanayofaa zaidi ni kiangazi, kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni hadi Oktoba. Njia huwa kavu, mito midogo huvukika kwa urahisi, na ziwa huonekana hadi milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Kati ya Agosti na Oktoba sokwe huelekea kushuka maeneo ya chini, karibu na ufukwe, kwa hiyo mwendo wa kuwafuata huwa mfupi. Chakula ndicho kinachowapeleka huku na kule. Miongoni mwa matunda wanayoyapenda ni mabungo, yale yale ambayo watu wa Tanga na Unguja huyakamulia juisi. Yakiiva bondeni, nao huwa bondeni. Matunda ya juu yakiiva, hupanda.

Mvua huanza mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Msitu hupendeza, vipepeo huwa wengi na wageni ni wachache, lakini njia huteleza na siku nyingine sokwe huwa juu sana mlimani. Kuanzia Machi hadi Mei baadhi ya kambi hufungwa. Ukipanga safari miezi hiyo, uliza kwanza kama mahali utakapolala pako wazi.

Njia za kufika

Kuna namna tatu za kufika Mahale, na kila moja ina gharama yake ya fedha au ya muda.

Ya kwanza ni kupitia Kigoma. Mji huu unafikika kwa ndege kutoka Dar es Salaam, kwa basi, na kwa treni ya Reli ya Kati, ambayo husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Tabora. Treni ni ya bei nafuu ila inahitaji moyo wa subira. Usipange boti kuondoka siku ile ile unayotarajia kushuka stesheni. Kutoka Kigoma unaweza kukodi boti ya mwendo wa kasi, ambayo hutumia saa kadhaa hadi hifadhini, au kupanda maboti ya mbao ya abiria yanayobeba watu, dagaa na magunia kuelekea vijiji vya kusini. Boti hizi za mbao ni rahisi sana kwa bei lakini huenda taratibu, husimama kila kijiji, na mara nyingi husafiri usiku. Meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, imewabeba wasafiri wa Mahale kwa miaka mingi. Nayo hupitia vipindi virefu vya matengenezo, kwa hiyo ulizia bandarini Kigoma kama iko safarini kabla ya kuitegemea.

Ya pili ni barabara. Kwa gari lenye nguvu unaweza kufika vijiji vya ufukweni kaskazini mwa hifadhi, kama Buhingu, kisha kumalizia kwa boti. Msimu wa mvua njia hii huharibika na gari linaweza kukwama siku nzima. Anayetoka upande wa Mpanda anaweza kuunganisha safari hii na Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Ya tatu ni ndege ndogo. Msimu wa utalii ndege hizi huja kutoka Arusha kupitia Katavi, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, na kutua kwenye uwanja mdogo ulio kaskazini mwa hifadhi. Kutoka hapo boti huchukua saa moja na nusu hivi hadi kambini. Ndiyo njia ya haraka, na ndiyo ghali kuliko zote. Kwa kuwa ndege haziji kila siku, anayeichagua atalazimika kukaa siku tatu au nne, jambo ambalo kwa Mahale ni la heri.

Ziwa Tanganyika si la kuchezewa. Lina kina cha karibu mita 1,470, na upepo wa kusi unapovuma miezi ya kiangazi mawimbi yake huwa makubwa. Kabla ya kupanda boti yoyote hakikisha kuna jaketi la kujiokolea kwa kila abiria na ulivae, usilikalie. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, subiri kingine. Nahodha akisema tusubiri upepo utulie, mshukuru. Usimsukume kwa sababu una ratiba.

Malipo, nafasi na mahali pa kulala

Hifadhi inaendeshwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Viwango vya kiingilio hutofautiana: raia wa Tanzania na wa nchi za Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, maana bila ushahidi wa uraia utatozwa kama mgeni. Viwango hubadilika, kwa hiyo viulize TANAPA kabla ya kupanga bajeti. Malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Utapewa kumbukumbu namba ya kulipia benki au kwa simu. Kamilisha malipo ungali Kigoma au mjini kwako, kwa sababu ukiwa ufukweni mwa Mahale mtandao wa simu ni wa kubahatisha na hakuna benki wala wakala. Fedha taslimu kidogo uwe nazo kwa mahitaji ya vijijini na kwa wahudumu.

Makao makuu ya hifadhi yako Bilenge, na huko ndiko kila mgeni hujiandikisha. Kusini yake kidogo, Kasiha, TANAPA ina mabanda ya kulala yenye vitanda na jiko. Hayo ndiyo yanayomfaa mwananchi wa kipato cha kawaida. Lazima ujaze kikapu chako Kigoma: mchele, unga, mafuta, maharage, chumvi, chai, maji ya kunywa au dawa ya kuyatibu. Zipo pia kambi binafsi za kifahari zinazotoza kwa kila kitu pamoja, chakula na boti ndani yake.

Toa taarifa mapema. Idadi ya wanaoruhusiwa kuwatazama sokwe kwa wakati mmoja ni ndogo, watu sita na mwongozaji wao. Msimu wa Agosti na Septemba makundi husubiriana msituni, moja likiingia baada ya jingine kutoka. Ukipanga siku mbili au tatu za kupanda badala ya moja, unaongeza sana uwezekano wa kuwaona na unapunguza haraka inayoharibu safari.

Afya: yako kwanza, kisha yao

Kigoma ni eneo la malaria. Onana na daktari kabla ya safari kuhusu dawa za kujikinga, beba chandarua au hakikisha kambi inacho, na vaa mikono mirefu jioni. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini, na kati yako na hospitali hiyo kuna saa nyingi za maji. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au ujauzito apate ushauri wa kitabibu kwanza na abebe dawa za kutosha siku za ziada, maana boti au ndege inaweza kuchelewa. Usiogelee ziwani kabla ya kumuuliza askari wa uhifadhi. Mamba na viboko wapo.

Sasa afya ya sokwe. Sokwe na binadamu wana undugu wa karibu sana. Vinasaba vyetu vinafanana kwa takribani asilimia 98. Undugu huo una gharama: maradhi yetu yanawapata, na miili yao haina kinga iliyozoea vijidudu vyetu. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ulipowapata watu wa jirani na Gombe, hifadhi nyingine ya sokwe kaskazini mwa mji wa Kigoma, sokwe wa huko nao waliugua, wengine wakapooza na wengine wakafa. Mwaka 2006 ugonjwa wa mfumo wa hewa uliwaingia sokwe wa kundi la M, Mahale. Kadhaa walikufa au hawakuonekana tena, wakiwemo watoto wachanga. Uchunguzi wa maabara uligundua kirusi cha jamii ya metanyumovirusi chenye uhusiano na kile kinachosababisha mafua kwa binadamu.

Hasara ya namna hiyo hailipiki upesi. Sokwe jike hubeba mimba karibu miezi minane, huzaa mtoto mmoja, na hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa mwingine, kwa kuwa mtoto hunyonya na kubebwa muda mrefu. Kundi la sokwe 60 likipoteza majike watatu, limepoteza uzao wa miaka mingi. Kikohozi kinachokulaza wewe siku mbili kinaweza kuondoa familia nzima ya sokwe.

Ndiyo maana nakuomba jambo gumu: ukiamka na mafua, kikohozi, homa, kuhara au vidonda vya midomo, mwambie mwongozaji ukweli na ubaki kambini, hata kama umesafiri siku tatu na umelipa kila senti. Usimeze dawa ya kuficha dalili ili upite. Aliyepimwa na moyo wake akabaki, huyo amewalinda sokwe kuliko yeyote aliyepanda. Hakikisha pia chanjo zako za kawaida zimekamilika, hasa surua na UVIKO-19. Mahale watoto wadogo hawapandi msituni. Umri wa chini kwa kawaida ni miaka 12, lakini thibitisha na hifadhi kabla ya kuwaahidi watoto safari.

Vitu vya kubeba

Mzigo uwe mwepesi lakini usipungukiwe na haya:

- Viatu imara vyenye soli inayoshika, ulivyokwisha kuvivaa na kuvizoea.
- Suruali ndefu na soksi za kuchomekea suruali ndani. Siafu wa Mahale hawana salamu.
- Nguo za rangi tulivu: kijani, kahawia, khaki. Ukipitia Katavi epuka bluu na nyeusi, kwa sababu mbung'o huzifuata.
- Koti la mvua, hata wakati wa kiangazi.
- Lita mbili za maji kwa mtu kwa siku ya kupanda.
- Barakoa za kutosha na kitakasa mikono.
- Mfuko usiopitisha maji kwa simu, kamera na nyaraka.
- Tochi, betri za akiba na chaja ya jua kama unayo.
- Dawa zako binafsi na vifaa vya huduma ya kwanza.

Acha nyumbani manukato, redio na spika. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi nchini, basi na vyakula vyako vifunge kwa namna nyingine. Takataka zote utakazozalisha utarudi nazo Kigoma.

Siku ya kupanda

Alfajiri wafuatiliaji wa hifadhi hutangulia msituni. Kila jioni sokwe hufuma vitanda vya matawi na majani juu ya miti na kulala humo. Anayejua walikolala jana huanza kuwatafuta kutoka hapo. Hufuata makelele yao, maganda ya matunda yaliyotafunwa, kinyesi na nyayo kwenye udongo laini. Wakiwapata, huwasiliana kwa redio na mwongozaji wako, nanyi mnaanza safari.

Mwendo unaweza kuwa nusu saa, unaweza kuwa saa nne na zaidi. Miteremko ni mikali, mizizi imetapakaa njiani na joto la unyevunyevu huchosha haraka. Nenda kwa hatua fupi, kunywa maji kabla ya kiu, na mwambie mwongozaji mapema ukizidiwa. Hakuna aibu kupumzika. Watu wazima wa umri mkubwa hupanda Mahale kila mwaka kwa kwenda polepole. Wiki chache kabla ya safari, jizoeze kutembea saa moja kila siku, ikiwezekana penye mlima.

Kuna siku sokwe hawapatikani. Wamevuka bonde jingine, au wamekaa kimya. Siku hiyo msitu wenyewe una mengi: mbega wekundu, kima, ngedere, nguruwe pori, vipepeo na ndege wengi. Ukiwa na siku ya pili mkononi utaikubali siku kama hiyo kwa moyo mweupe.

Kanuni za saa moja

Mara mnapowafikia, saa yenu inaanza kuhesabiwa. Muda ni dakika 60 na hauongezwi, hata kama zote zimeishia kumtazama sokwe mmoja aliyelala. Kabla ya kusogea mwongozaji atawasimamisha: vaeni barakoa zifunike pua na mdomo, takaseni mikono, acheni mabegi na chakula nyuma na mtu wa kuvilinda. Kisha shikeni haya:

- Kaa umbali wa mita 10 au zaidi. Sokwe mwenyewe akikusogelea, rudi nyuma taratibu au mpishe njia.
- Kaeni pamoja upande mmoja. Msiwazunguke, maana aliyezungukwa huona amefungiwa.
- Usile, usinywe, usivute sigara, usiteme mate.
- Ukibanwa na chafya, geuka uwape mgongo na upige ndani ya kiwiko bila kuvua barakoa.
- Ongea kwa kunong'ona. Usinyooshe kidole wala fimbo.
- Zima mwanga wa kamera na milio ya simu.
- Usiwaige sauti zao na usiwakazie macho.
- Ukibanwa na haja, mwambie mwongozaji. Mtaenda mbali na sokwe na shimo litachimbwa kwa kina cha sentimita 30 hivi, kisha lifukiwe.

Wakati fulani dume anaweza kuamua kuonyesha nguvu zake. Manyoya humsimama, hupiga kelele inayopanda, hukimbia akiburuta matawi, hupiga mateke mizizi mipana ya miti hadi ikalia, na pengine hurusha mawe. Karibu kila mara anawaonyesha sokwe wenzake. Usikimbie. Simama au chuchumaa karibu na mwongozaji, shikilia mti, na mwache apite. Anayekimbia ndiye anayejiingiza katika ugomvi usiokuwa wake.

Mambo ya kutazama ukiwa mbele yao

Saa moja ni fupi kwa anayetazama kupitia kioo cha simu. Piga picha dakika za mwanzo, kisha iweke simu mfukoni na uangalie.

Angalia salamu. Sokwe wa hadhi ya chini akikutana na mkubwa humwinamia na kutoa miguno mifupi ya haraka. Ni shikamoo yao, na asiyeitoa hujitafutia matatizo. Ukiisikiliza vizuri utamtambua dume mkuu bila kuambiwa.

Angalia wanavyochambuana manyoya. Wanakaa muda mrefu wakitoa uchafu na kupe, lakini kazi kubwa ya tendo hilo ni kujenga urafiki na kupatana baada ya ugomvi. Mahale kuna mtindo wa pekee: wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja huinua mkono mmoja, hushikana juu ya vichwa, na mikono iliyobaki huchambua makwapa. Watafiti waliuandika mtindo huu Mahale katika miaka ya 1970, nao hauonekani kwa sokwe wa Gombe, ingawa makundi yote mawili yako ufukwe mmoja wa ziwa. Ni desturi inayorithishwa kwa kuonana, kizazi hadi kizazi.

Tofauti nyingine iko kwenye vifaa. Sokwe wa Gombe wanajulikana kwa kuvua mchwa wa kichuguuni kwa vijiti. Wa kundi la M huvua sungusungu wanaoishi ndani ya miti. Jike huingiza kijiti tunduni akiwa ameketi juu ya tawi, na mtoto wake humkodolea macho miaka na miaka kabla ya kuweza mwenyewe.

Na kuna tiba. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mtaalamu wa mitishamba wa Kitongwe, walimfuata jike aliyeitwa Chausiku, aliyekuwa amedhoofika. Alichuma tawi changa la mti ambao Watongwe huuita mjonso, akalimenya na kutafuna kiini chake kichungu. Kwa kawaida sokwe hawaugusi mti huo. Siku iliyofuata alionekana kupata nafuu. Watongwe nao huutumia mjonso kwa maumivu ya tumbo na minyoo, na ni kwa sababu Mzee Seifu aliujua mti kwamba tendo la Chausiku lilieleweka.

Ikiwa Mahale haiwezekani kwa sasa

Mwenye siku chache au fedha kidogo afikirie Gombe. Iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwendo mfupi kwa boti, nayo ndiyo hifadhi ambako Jane Goodall alianza utafiti wake Julai 1960. Ilipewa hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni ndogo sana, ina sokwe wapatao 100, na vilima vyake ni vikali. Kanuni za afya ni zile zile. Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa kuna Kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, ambako sokwe waliotolewa bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa huru kati ya mwaka 1966 na 1969. Vizazi vyao sasa vinaishi kwa kujitegemea. Walioko Uganda wana msitu wa Kibale, ambao unafikika kwa barabara kutoka Fort Portal.

Baada ya kurudi

Sokwe wako katika hatari ya kutoweka duniani. Misitu inakatwa kwa mashamba, mkaa na makazi, na sehemu kubwa ya mazingira yao magharibi mwa Tanzania iko nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ya wilaya na ya vijiji vya Watongwe na jirani zao. Mgeni anayenunua samaki, mchele na vikapu katika vijiji hivyo, anayekodi boti ya mwanakijiji na kumlipa mbeba mzigo stahiki yake, anawapa majirani wa hifadhi sababu ya kuona msitu ukiwa na faida umesimama.

Kisha kuna picha. Ukiweka mtandaoni picha inayokuonyesha umejipanga karibu na sokwe, wapo watakaoamini kwamba anafugika. Biashara haramu ya watoto wa sokwe inaendelea Afrika ya Kati na Magharibi, na ili mtoto mmoja atekwe, mama yake huuawa, mara nyingi pamoja na waliojaribu kumtetea. Weka picha za sokwe wenyewe, wakiwa juu ya mti au wakichambuana, na andika chini yake uliwaonaje: kwa miguu, kwa saa moja, ukiwa umevaa barakoa na kusimama mbali. Ukisikia mtu ana mtoto wa sokwe nyumbani, kwenye hoteli au sokoni, toa taarifa polisi au kwa maofisa wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Usimnunue kwa nia ya kumwokoa, kwa sababu fedha yako ndiyo itakayomrudisha muuzaji msituni kutafuta mwingine.